Shemeji, Beleshi na Boneti

Mtu wa Machame ana kitu kimoja ambacho sisi wa Tanga hatutakipata hata tukifunga na kusali: amekua akiiona theluji kutoka uani kwao. Shemeji yangu alinikumbusha hilo pale pale uwanja wa ndege, kabla hajavaa koti nililompelekea. "Bwana shemeji, kwenye theluji usinifundishe. Ile ni mali ya kwetu." Nikanyamaza. Kaka wa mke habishiwi siku anayofika, na isitoshe tulikuwa Minneapolis mwezi Januari, mahali ambapo hali ya hewa haihitaji msaidizi wa kufundisha.

Kasoro ya theluji ya Kibo ni kwamba haijawahi kuangukia gari la mtu.

Gari langu hulala nje, ukingoni mwa mtaa, kwa kuwa gereji ni za wenye nazo. Na usidhani unaweza kuliacha lifunikwe mpaka jua la Machi. Jiji likishatangaza dharura ya theluji, kuanzia saa 3 usiku barabara zilizowekewa alama ya dharura zinatakiwa kuwa tupu. Kesho yake, saa 2 asubuhi, ni zamu ya mitaa mingine, upande wa nyumba za namba shufwa; keshokutwa upande wa namba witiri. Ukipitiwa na usingizi utalikuta gari lako kwenye yadi ya jiji, na huko hawatoi pole, wanatoa bili. Kwa hiyo kila asubuhi watu wako nje wanafagia magari, wote wana haraka, na haraka hiyo ndiyo inayochubua rangi. Theluji yenyewe haina ugomvi na mtu.

Asubuhi ya theluji nzito ya kwanza nilikuwa bafuni niliposikia bati likikwaruzwa. Nikachungulia dirishani. Shemeji alikuwa kwenye boneti na beleshi la chuma, lile la kusafishia kijia cha mlangoni. Analizamisha, analiburuta, analizamisha, analiburuta, huku akipiga mluzi. Nikafungua dirisha na taulo kiunoni, baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikaingia bila hodi.

"Shemeji! Shemeji yangu! Chai tayari!"

Ulitaka niseme nini? Angekuwa mdogo wangu ningemtajia ukoo wake mpaka babu wa saba. Kwa shemeji unatumia chai.

Fundi rangi yeyote atakwambia kwamba kinachong'aa kwenye gari si rangi, ni klia, ule utandu wa mwisho usio na rangi. Unene wake ni mikroni 50 hivi. Unywele wa kichwani mwako unaushinda. Na theluji haikai juu yake peke yake. Malori ya jiji yanamwaga chumvi na mchanga, magari yanayopita yanarusha tope, vyote vinagandia humo. Ukiburuta, hata kwa kiganja chenye glovu, umepiga msasa. Barafu nayo si ile unayoijua kwenye glasi ya soda: kadiri baridi inavyozidi, ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Kile kikwangulio cha plastiki kinachouzwa kila kituo cha mafuta kimetengenezwa kwa ajili ya vioo. Kioo kinastahimili. Boneti haistahimili, na wala haina namna ya kulalamika.

Anayeijua kazi hii ni mzee jirani yetu. Huyu hakosi kukusimulia jinsi theluji ya tarehe 31 Oktoba 1991 ilivyowakuta watoto mitaani wakiomba peremende, ikaanguka mpaka ikafika sentimita 72. Ana brashi pana ya sponji, isiyo na hata unywele mmoja, yenye mpini mrefu. Anaanza na paa, kwa sababu ukiliacha paa halafu ufunge breki njiani, lundo zima linashukia kioo cha mbele na unabaki kuendesha kwa dua. Anasukuma theluji ya juu tu, kuelekea pembeni, bila kukandamiza, na sentimita mbili tatu za mwisho haziguswi. Kisha anawasha injini, ila kwanza anazibua bomba la moshi. Hapo sitanii: bomba likizibwa na theluji, hewa ya sumu inarudi ndani ya gari, haina harufu, na watu wamekufa wakiota hita. Baada ya hapo anasubiri. Joto linapanda chini ya boneti, ile theluji iliyobaki inalegea na kuteleza yenyewe. Kazi imekwisha, na muda wote huo mzee alikuwa anakunywa kahawa.

Shemeji alimtazama kwa huruma. "Analiogopa gari lake," akasema.

Haikupita wiki, tukapata mvua ya barafu, ile inayoganda ikigusa tu kitu. Alfajiri gari lilikuwa limefungwa lote, mtu angesema ni la maonyesho. Shemeji akatokea na birika linalofuka. Nilimdaka mkono usifike kwenye kioo cha mbele, maana kioo kilichoganda kikipigwa na maji ya moto kinatanuka upande mmoja kabla ya mwingine, na kama kina kidonda cha jiwe, ufa unatembea unauona. "Sawa," akasema kwa upole wa mtu aliyekosewa heshima, akageukia milango. Akaimwagia yote minne, pasiwe na mlango wa kujiona umetengwa.

Kwa dakika moja alikuwa shujaa. Barafu iliporomoka, rangi ikatokea. Kisha maji yakashuka kwenye upenyo wa milango, yakakutana na mipira, yakaganda. Mlango haukufunguka hata mmoja.

Niliingia kazini siku hiyo kupitia buti. Mimi ni mtu wa wali na samaki, umbo langu halikupangwa kwa safari za namna hiyo. Nilitanguliza kichwa, nikapanda kiti cha mtoto, nikanaswa na mkanda, na huku nje mzee jirani akasimamisha brashi yake kama anayepisha jeneza. Shemeji akanisaidia kwa kunisukuma. Nilipofika kwenye usukani akagonga kioo: "Washa waipa!"

Mary Anderson wa Alabama alipata hataza ya waipa mwaka 1903, baada ya kumwona dereva wa tramu ya New York akihangaika na theluji kwenye kioo. Zilibuniwa kwa kazi hiyo hasa. Ila zikiwa zimegandia kioo haziwashwi. Mpira unachanika, au mota inaungua. Mlango ulioganda nao hauvutwi. Unausukuma kwa bega kuelekea ndani, barafu ipasuke, ndipo ujaribu kuufungua. Na Oktoba, kabla ya yote haya, unapaka mipira silikoni. Kwa vioo na vitasa, changanya vipimo viwili vya spiriti ya asilimia 70 na kimoja cha maji, upulize. Usigeuze kuwa mafuta ya kupaka gari zima, maana spiriti inaondoa nta.

Jioni shemeji alikuja na hoja ambayo, lazima nikiri, ilikuwa na mantiki. Ameona serikali inamwaga chumvi barabarani. Kwa nini sisi tusimwage kwenye boneti? Tayari alikuwa na pakiti ya jikoni mkononi. Hapa uzalendo wa Tanga ukanipanda. Mtu aliyekulia karibu na bahari, akaona bati la paa linavyoliwa na upepo wa chumvi mpaka jua linaingia sebuleni, hatakaa kimya chumvi ikikaribia gari lake. Nikamwambia pia kwamba ikizidi baridi ya nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida karibu inashindwa kazi hata barabarani. Akasema huko kwao haishindwi. Huko kwao hawaitumii.

Alipoondoka nikapeleka gari kwa fundi. Alipitisha ukucha juu ya mikwaruzo ya beleshi, ukucha ukanasa. Mkwaruzo unaonasa ukucha umeshapita klia, haung'arishwi ukaisha. Boneti inapakwa upya. Mke wangu alipoona bili aliniuliza kwa nini sikumzuia kaka yake. Nikamwambia nilimpa chai.

Brashi za sponji huingia madukani vuli na kukwisha mapema, kwa hiyo nunua kabla theluji haijaanguka. Beleshi langu la chuma nalitoa bure kwa anayelitaka, sharti asiwe na gari.