Nyumba Ionekane, na Ng'ombe Pia

Ukitaka ushauri wa bure Funyula, nunua kamera. Ukinunua ng'ombe watu watakuuliza bei, ukinunua pikipiki watakuomba lifti, lakini ukitundika kamera shingoni kila mtu kuanzia sokoni hadi Nangina anageuka kuwa mwalimu wako. Muuza omena atakuambia usimame wapi. Mwanafunzi wa darasa la sita atakuambia flashi yako imechoka. Na mzee ambaye picha yake ya pekee ni ile ya kitambulisho atakueleza kwa urefu namna ya kupiga picha.

Hao ni wanafunzi tu. Walimu wenyewe ni wenzangu wa kazi. Siku ambazo hakuna harusi wala matanga tunakutana kwenye benchi nje ya kinyozi, na mmoja hutoka Busia mjini kwa matatu ili asikose kubishana. Hapo ndipo lenzi hupandishwa kizimbani. Ile inayouzwa pamoja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, haina heshima. Ukiitaja watu wanakohoa. Ya milimita 50 inavumiliwa kwa kuwa bei yake ni ya maskini na inaona vizuri ndani ya kanisa lenye giza. Lakini ukitaja ya milimita 85 yenye tundu kubwa la f/1.8, sauti zinashuka kama umemtaja chifu naye yuko nyuma yako.

Sababu wanazotoa ni za kweli, sitawasingizia. Ukimsogelea mtu sana kwa lenzi pana, pua iliyo karibu na kamera inanenepa na masikio yanarudi nyuma. Ndiyo maana picha ya kujipiga kwa simu humpa kila mtu pua ya babu yake. Lenzi ya 85 inakulazimisha urudi mita mbili na zaidi ndipo kichwa na mabega vienee, na kwa umbali huo uso unatulia, kila kiungo kinabaki na kipimo kilichopewa na Mungu. Kinachonyoosha pua kwa kweli ni ule umbali. Kioo kinapewa sifa za bure.

Shida ni kwamba umbali ni kitu ambacho mwenye nyumba hakunipangisha. Kutoka kwenye pazia langu la studio hadi mlangoni ni mita tatu na kidogo. Na mteja wa Funyula hakubali picha ya kichwa na mabega, kwani hiyo ni ya serikali. Yeye amekuja na viatu vipya. Anataka aonekane kuanzia utosini hadi kisigino, na ikiwezekana soli pia. Sasa kwa kamera kama yangu, yenye sensa ndogo, mtu mzima aliyesimama anaenea kwenye lenzi ya 85 ukiwa kama mita saba kutoka kwake. Mita saba kutoka kwenye pazia langu ni ng'ambo ya mtaro, pembeni mwa barabara.

Mwenzetu wa Busia aliponiazima lenzi yake ili nione nuru, mteja alibaki ndani amesimama wima mbele ya pazia, nami nikawa barabarani nikimpigia kelele. "Inua kidevu!" Mama aliyekuwa akipita na beseni la mihogo akainua kidevu. "Tabasamu!" Wakatabasamu watu watatu, mteja hakuwamo. Nilipoinua mkono kumwonyesha mteja ageukie upande gani, pikipiki mbili zilisimama kwa pamoja. "Boss, twende?" Wakaanza kugombana wao kwa wao nani aliniona kwanza. Picha nzuri iliyopatikana siku ile ina mteja, viatu vyake, na kiwiko cha dereva wa boda. Nilipomweleza mwenye lenzi, alifikiri kidogo kisha akanipa ushauri mwingine: "Vunja ukuta."

Siku ya pili aliamua kuja mwenyewe atuonyeshe kazi. Mama mmoja wa huko milimani alikuwa ametuita nyumbani kwake. Kijana wake yuko Qatar, na kwa miaka amekuwa akituma pesa mpaka nyumba ya kudumu ikasimama: mawe, mabati mekundu, madirisha ya vioo. Mama alitaka picha ya kumtumia. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amefagia uwanja, na ng'ombe wake ameoshwa na kufungwa pale ambapo angeonekana. Mwenzetu akaifungua ile 85 hadi f/1.8, akapiga, akatazama kioo cha kamera na kufumba macho kwa raha. Kwa kusema kweli ilikuwa picha safi. Jicho la mama liling'aa, na ndani yake uliweza kuiona mbingu.

Ila kwa tundu lile na umbali ule, kilicho safi ni sentimita chache tu za kina. Jicho la karibu likiwa limekamata, sikio tayari limeanza kuaga. Na nyumba iliyokuwa nyuma, pamoja na mabati yake, ilikuwa imeyeyuka ikawa wingu jekundu.

Mama akashika kamera kwa mikono miwili. "Mwanangu, hii ni nini?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi najijua. Nyumba iko wapi?"

Mwenzetu akamweleza kwa upole kwamba nyuma hulainishwa makusudi ili uso utokeze, na kwamba hata Ulaya ndivyo wanavyofanya.

"Uso wangu kijana anaujua tangu azaliwe. Ambayo hajayaona ni mabati."

Mwenzetu akawa hana la kusema. Mama akaendelea na ukaguzi. "Na ng'ombe?" Tukamwonyesha doa la kahawia karibu na bega lake. Akaliangalia sana. "Ana mimba ya miezi saba. Mbona mimba haionekani?" Ikabidi nitoe lenzi yangu isiyo na heshima, nikaifunga tundu hadi f/11, nikamsogeza mama kutoka kwenye ukuta na kumweka ng'ombe upande wa pili. Kila kitu kikatoka wazi: mama, mabati, mimba. Kwa ile picha ya kwanza mama alilipa nusu, kwa sababu, alisema, alipewa nusu.

Mama yule hakuwa mshamba wa picha. Alikuwa akifuata utaratibu uliotangulia benchi letu kwa miaka mingi. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, aliwawekea wateja redio, saa za mkononi, suti na hata pikipiki ya Vespa, wachague watakachoonekana nacho. Picha hizo zilionyeshwa Paris mwaka 1994 na leo jina lake linatajwa pamoja na wakubwa wa dunia. Hapa kwetu Kenya, wapiga picha wa kivuko cha Likoni kule Mombasa katika miaka ya 1990 walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyopambwa kwa meli, ndege na maghorofa, mtu aliyekuja kutafuta kazi akapigwa picha hapo na kuwatumia watu wa nyumbani. Hakuna aliyelipa ili meli isionekane.

Ushauri mwingine ninaopewa bure ni kuwabananisha watu. "Picha ya pamoja," wananiambia, "ni mabega kugusana." Anayesema hivyo hajawahi kupiga picha ya harusi ya Wasamia ambayo ndani yake mna mkwe wa kiume na mama mkwe wake. Hao wawili wanaheshimiana kwa umbali. Nilimwomba bwana mmoja asogee kulia kidogo, kuelekea kwa wakwe zake. Akaitikia kwa adabu, akasogea kushoto. Nikamwomba mama mkwe asogee kwake. Akatazama majani. Pengo lililobaki katikati lingetosha kupitisha mkokoteni, na kwa muda mfupi kweli mbuzi alipita.

Hapo hakuna 85 wala 50 inayokuokoa. Unashuka hadi milimita 18 na kuwachukua wote na pengo lao. Lakini lenzi pana ina tabia moja: aliye katikati humwacha alivyo, aliye ukingoni humvuta kwa upande. Mkwe alikuwa ukingoni kabisa. Alitoka na upana wa wanaume wawili. Nilijiandaa kwa lawama, ila mama mkwe alipoiona picha alifurahi akawaita na dada zake. "Mnaona? Tangu amwoe binti yetu ameshiba." Wakaagiza nakala nne.

Halafu kuna jua. Funyula iko hatua chache tu kaskazini mwa ikweta, na jua hutufikia utosini karibu saa saba kasorobo mchana. Ndio wakati huohuo MC anaposhika maikrofoni na kutangaza, "Sasa ni zamu ya picha!" Jua la namna hiyo humwaga kivuli machoni, bibi harusi akabaki na paji la uso linalong'aa na mashimo mawili chini yake. Benchi linashauri nisubiri saa kumi na moja jioni mwanga ulainike. Ningesubiri, ila saa kumi na moja wageni wa Sio Port wamekwisha kuondoka na nusu ya nyama, na huku kwetu jua likishaamua kuzama halikungoji upange wajomba.

Kivuli cha mwembe nacho kina hila: mwanga unaopenya majani huacha madoa usoni, na majani yenyewe hurudisha ukijani kwenye mashavu. Mahali pazuri ni mlangoni au kwenye baraza, mtu amesimama ndani kidogo akitazama nje. Mwanga unamjia kwa mbele, laini, na macho yanapata uhai. Mtoto mmoja akishika gunia jeupe la unga chini ya kifua cha bibi harusi, vivuli vya shingoni vinaondoka. Mtoto huyo alipwe soda mwishoni. Akilipwa mwanzoni, gunia utalishika wewe.

Tena kamera haijui mtu ni wa rangi gani. Mita yake ya mwanga hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ikiona gauni jeupe la harusi inapunguza mwanga mpaka gauni liwe kijivu, na nyuso zetu zinazama gizani. Dawa ni kupima mwanga wa uso wenyewe, au kuiongezea kamera mwanga kidogo. Nilifanya hivyo kwa maharusi fulani, kisha wakaja dada wawili waliosimama bega kwa bega katika picha moja. Mkubwa akalalamika nimemfanya mweusi. Mdogo akalalamika nimempaka unga. Nikawaomba wakubaliane kwanza wenyewe, wakaondoka wamenikasirikia wote wawili.

Haya yote, hata hivyo, hayajanisumbua kama simu ya usiku wa matanga. Mtu anafika na simu yenye kioo kilichopasuka: "Tutolee picha ya mzee, ni ya kuweka kwenye jeneza." Natazama. Mzee yuko safu ya nyuma kwenye harusi ya miaka mingi iliyopita, ukubwa wa punje ya mtama, amezibwa nusu na kofia ya mama fulani. Nakata, nakuza, nasafisha. Mzee mmoja alitoka vizuri kiasi, ila begani pake palibaki mkono wenye saa ya dhahabu, na kuuondoa ingebidi nimkate bega. Siku ya mazishi watu walisimama mbele ya picha wakijadili mkono ule ni wa nani, na hadi leo kuna wajomba wawili wanaoudai.

Kwa hiyo wapiga picha wenzangu, kabla ya kubishana ni lenzi gani, mwulizeni mteja ni kitu gani kisikose kuonekana. Akisema uso, toeni 85 yenu mjidai. Akisema nyumba, ng'ombe, viatu na wakwe, fungeni tundu na mrudi nyuma, mkiangalia pikipiki.

Nawe msomaji, mlete baba, mlete nyanya, wangali na nguvu za kubishana nami kuhusu koti. Waje kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi, na waje na chochote wanachojivunia, hata kama kina miguu minne. Malipo ni kabla ya kuitazama picha.