Shangazi Ajibu: Ukishuka Mbaga Usiweke Fri

Barua za mapenzi zimepungua mezani kwangu. Siku hizi watu wa Same hawagombani tena kwa wivu, wanagombana kwa sababu ya geji ya mafuta. Wiki hii basi tumeziweka ndoa pembeni, isipokuwa moja, mtaiona.

*Shangazi, shikamoo. Nina Noah, napakia abiria na mizigo kati ya Mbaga na Same mjini. Kupanda inakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Ili nifidie, nikianza kushuka naweka fri, na pakiwa na mteremko mzuri nazima kabisa. Konda wangu anasema tunaokoa hela. Abiria wanasali. Nani yuko sahihi? — Dereva, Mbaga*

Marahaba, mwanangu. Abiria ndio walio sahihi.

Ujanja huo ulikuwa na maana kidogo enzi za magari ya kabureta. Noah yako ina nozo, na nozo zinaamriwa na kompyuta. Ukishuka ukiwa kwenye gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, matairi ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta ikiona hivyo inafunga petroli kabisa. Itaifungua tena mzunguko ukikaribia ule wa gari iliyosimama ikiunguruma. Ukiweka fri, injini haina wa kuizungusha, inabidi ijilishe yenyewe isizime. Injini ya lita mbili ikiunguruma bure hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Mteremko wa nusu saa unakugharimu robo hadi nusu lita, petroli ambayo ungekuwa kwenye gia usingeitumia. Kwa hiyo mwanangu, umekuwa ukilipia kuhatarisha maisha yako.

Kuzima ni kubaya zaidi. Injini ikilala, breki zinabaki na nguvu za kukanyaga mara mbili tatu, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito hapohapo kwenye kona, na mtu akiuchomoa ufunguo kwa mazoea, unajifunga. Hata ukiiacha injini ikiunguruma, ukiwa kwenye fri uzito wote wa gari unabebwa na breki peke yake. Ile harufu ya kuungua ambayo konda anasema ni ya majani ya shambani si ya majani. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mvuke, na ukikanyaga, pedali inazama hadi kwenye kapeti bila kushika chochote. Wa kukueleza kinachofuata si mimi tena, ni wa Chama cha Msalaba Mwekundu.

Madereva wa zamani walikuwa na kanuni: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Gari yako ikiwa otomatiki, weka 2 au L, na ile swichi ya O/D uizime. Itanguruma, iache ingurume.

Kupanda ndiko hasa kunakokula, na hapo ujanja hauna nafasi. Kila mfuko wa saruji unaoupandisha lazima uinuliwe, na wa kuuinua ni petroli. Unachoweza kupunguza ni mzigo usiokulipa: jeki ya pili, spea mbovu uliyoiacha nyuma tangu mwaka juzi, na keria tupu juu ya paa. Halafu toza mizigo nauli yake halali badala ya kuwabebea mashemeji bure.

*Shangazi, mume wangu ana gari dogo. Kila Jumamosi anatoka hapa Same kwenda Korogwe kujaza mafuta, anasema kule ni karibu na Tanga kwa hiyo bei ni nafuu. Anarudi usiku. Nimsifu kwa ubahili wake? — Mama Watoto, Same mjini*

Mwanangu, kaa chini tupige hesabu.

Kwa upande mmoja, mumeo hajadanganya. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na hutaja bei ya kila wilaya. Gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini imo ndani ya hesabu, na bandari ya Tanga iko upande huo anakokwenda. Basi tuseme tofauti ni shilingi 50 kwa lita, na tangi lake linaingia lita 40. Ameokoa shilingi 2,000.

Sasa njia. Kwenda Korogwe ni zaidi ya kilomita mia moja, na kurudi vivyo hivyo. Gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita limeshachoma zaidi ya lita 20 kabla halijapaki nyumbani. Kwa lita ya shilingi 3,000, hizo ni zaidi ya shilingi 60,000. Hakuna Mpare aliyezaliwa anayetoa sitini apate mbili. Huyo bwana hafuati petroli.

Jumamosi ijayo mwambie unakwenda naye, mkajaze wote. Kisha niandikie tena, barua hiyo nitaijibu kwenye safu yangu ya zamani.

*Shangazi, mimi hudamka alfajiri nijaze mafuta yakiwa ya baridi, huitikisa gari ili yashuke vizuri, na sinunui zaidi ya elfu kumi ili bei ikipanda isinipate. Bado naona naibiwa. — Mwalimu mstaafu, Usangi*

Shikamoo, mwalimu. Ni kweli petroli hutanuka kwa joto, kiasi cha sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lakini tangi la sheli limezikwa ardhini, na huko chini alfajiri na adhuhuri hazitofautiani sana. Lala. Kuitikisa gari kunawafurahisha watoto tu. Na bei ikipanda imekupata, mwalimu: ya elfu kumi ni ileile, lita ndizo zilizopungua.

Ukihofia kuibiwa, shuka garini. Hakikisha pampu imeanzia sifuri kabla mpira haujaingizwa. Tazama kama ina stika ya Wakala wa Vipimo. Bei iliyoandikwa kwenye bango ndiyo iwe kwenye pampu, na isizidi bei kikomo; kushuka chini yake ni ruksa, kwa hiyo linganisha sheli mbili za njia moja. Dai risiti ya EFD, kwa sababu bila risiti malalamiko yako yatabaki kuwa hadithi. Watu wa umri wetu tunakumbuka miaka ile petroli na dizeli zikichanganywa mafuta ya taa, hadi vikawekwa vinasaba vya kuyatambua mafuta halali, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchakachuaji usilipe. Aliyekuwa na risiti alikuwa na pa kuanzia.

*Shangazi, huku juu petroli tunauziwa kwenye chupa za maji. Je, kipimo ni sawa? — Boda, Vudee*

Hakuna anayekihakiki. Jaza ukiwa mjini, na usikae karibu na hicho kibanda ukiwa na sigara.

*Shangazi, watani wetu Wachaga wanasema Mpare hujaza mafuta kwa kijiko. Tuwajibu nini? — Mwenye hasira, Makanya*

Waambie kijiko kinapimika. Kisha ujipime na wewe, maana nimewaona mnavyokimbia kati ya Hedaru na Same. Mnakwenda mia na kumi, mnakanyaga breki kwenye kibao cha hamsini, mnakimbia tena. Upepo unaopambana na gari huongezeka haraka kuliko mwendo, na kila breki inatupa petroli uliyokwisha kuilipia. Nenda themanini, gari litulie. Trafiki mwenye tochi akikukamata, faini ni shilingi 30,000, lita kumi nzima zimekwenda na hujasogea hata hatua.

Na upepo wa tairi, jamani! Gari lililotoka Japani lina kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kijapani hukijui, lakini namba unazijua: 220, 230. Hicho ndicho kipimo, kwa kPa. Mwonyeshe kijana wa kujaza upepo, asikisie kwa kupiga tairi teke. Tairi legevu linaburuza gari, na wengi mnaburuza mwaka mzima huku mkiilaumu Serikali.

Anayetaka jibu la binafsi aambatanishe bahasha yenye stempu. Mimi pia ni Mpare.