Maua ya Mama Yahamia Taru

Baba alipojenga Taru, Mama alikubali kuhama Msambweni kwa sharti moja: maua yake yapande lori kabla ya kitanda. Yakapanda, yakafungwa kamba: miasumini, mirehani, mshubiri mmoja mkongwe na miche ya ndimu ndani ya makopo. Yote yalikuwa yamelelewa chini ya mwembe.

Tulishusha mizigo Februari, kaskazi ikivuma. Mama akayapanga uwanjani, palipo peupe, ili mgeni akibisha hodi ayaone. Juma halijaisha, majani yakaingia mabaka meupe, yakageuka kahawia, yakaanza kupukutika. Baba akasema ni chumvi ya maji ya kisima. Shangazi akasema ni kijicho cha watu. Mama akamshikilia kaka, mwenye zamu ya kumwagilia, kwamba anatia maji jua la utosi. Kaka akasusa ndoo, Mama akasusa kumpakulia.

Kumbe kaka hakuwa na hatia. Jani lililokulia kivulini huwa pana na jembamba, ili linase hata mwanga kidogo unaopenya matawini. Likitolewa juani ghafla, mwanga hulizidi nguvu, na ile ziada ndiyo inayoharibu viungo vya kutengenezea chakula. Tena jani hujipoza kwa kutoa mvuke. Mizizi iliyotikiswa njia nzima haipandishi maji ya kutosha, vitundu vya jani hufunga, na joto hupanda. Jani lililokwisha kukomaa haliwezi kujiunda upya. Mmea hutoa jingine, dogo na nene, linalofaa mahali pale. Kwa hiyo huniuma kuona mche uliopukutika unang'olewa upesi. Pengine ndiyo kwanza umeanza kuzoea.

Mshubiri wenyewe uliiva wekundu wa kutu, rangi inayoukinga na jua kali. Huo hufungua vitundu vyake usiku, kukiwa na ubaridi, ukaweka akiba ya hewa ya kutumia mchana.

Baba, akitafuta suluhu, akachukua panga akakate miti "iliyokufa" nyuma ya nyumba ajenge kichanja cha kivuli. Jirani yetu, mama wa Kiduruma, akamwahi: "Mzee, hiyo mizima!" Akabandua gome la mbambara kwa ukucha. Utando mwembamba kama karatasi ukatoka, na chini yake kijani kibichi. Kiangazi mti huo huangusha majani ili usipoteze maji, huku gome likiendelea kuvuna jua. Mtu wa pwani, aliyezoea mikorosho na minazi isiyovuka mwaka ikiwa mitupu, akiitazama nyika ya Taru huona kuni tu.

"Kata matawi, uyachimbie," akasema yule mama. Tukayachimbia yawe nguzo, tukatandaza makuti juu. Jioni hiyo Mama alipika wali wa nazi, na sahani ya kwanza akampa kaka.

Ndimu hazikupona. Miasumini ilichipua majani madogo, magumu, ambayo Mama bado anayalalamikia. Masika ilipoingia, nguzo za kichanja nazo zikatoa majani, mbuzi wa jirani wakayafuata, wakaangusha makuti yote. Sasa Baba anazungusha ua, na Mama anataka uwe wa mbambara.