Ughaibuni Kusiko na Theluji

Masese, Jinja

Mama, Ami, Shangazi, na nyote wa Kibokoni huko pwani mtakaosomewa barua hii barazani: jibu la swali lenu la kila wiki ni lile lile. Hapana, sijaganda.

Najua nimewaangusha. Mna mtoto Minneapolis anayewatumia picha amezama magotini kwenye theluji, na mwingine Muscat anayelia kwamba ikifika Juni kipimo chapita 45 na maji ya bombani hayahitaji birika. Kila mmoja ana lake la kujivunia. Mimi nikiandika kwenye kikundi cha familia, "Leo Masese nyuzijoto 28," hakuna anayejibu, hata dole gumba sipati. Kesho yake 28. Juzi ilishuka hadi 27, Shangazi akauliza kama nina soksi.

Tena ughaibuni kwenyewe nimefika kwa basi. Mkenya kuingia Uganda kitambulisho chatosha. Pasipoti mliyonihangaikia imelala sandukuni pamoja na yale makoti mliyonifungia.

Basi niwaeleze mambo yalivyo. Masese ni kitongoji cha Jinja, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kilomita hamsini hivi kaskazini mwa ikweta. Jua huku halina pa kwenda. Lachomoza kukaribia saa moja asubuhi na kuzama kukaribia saa moja jioni, Januari hadi Disemba. Mchana kipimo hucheza kati ya 27 na 30, usiku kati ya 16 na 18, na ukiweka mwezi wa joto kabisa mbele ya ule wa baridi kabisa, wastani wao wapishana kwa nyuzi mbili hivi. Lakini kutoka alasiri hadi alfajiri inayofuata kipimo hushuka zaidi ya kumi! Mwaka mzima wa hali ya hewa wapita ndani ya saa ishirini na nne, na kesho waanza mwingine.

Ami alisema haiwezekani mtu akae karibu na ikweta kuliko sisi halafu apate hewa nafuu. Yawezekana, Ami. Uso wa ziwa hili uko mita 1,134 juu ya bahari, na kila ukipanda mita elfu moja hewa hupoa kwa nyuzi sita au saba. Ikweta iko huku, jasho liko kwenu.

Wenyeji nao hawanisaidii. Ningetaka kuwaambia kwamba huku watu hutembea vifua wazi, lakini wa bodaboda asubuhi huvaa makoti manene ya mitumba, yenye manyoya kofiani, yaliyoshonwa kwa ajili ya watu wa Kanada. Huyavaa kinyume, mgongo mbele, ili upepo usiwaingie kifuani. Kwa nyuzi kumi na tisa! Nilicheka mpaka siku niliyopanda pikipiki alfajiri na shati la mikono mifupi. Blanketi ulilonifungia, Mama, nalitumia. Ila usiwaambie wa Minneapolis.

Kitu kimoja kimenichukua muda kuzoea. Kwetu mtu husema harusi ilikuwa wakati wa kaskazi, au jahazi lilikuja na kusi, na kila mtu ajua ni miezi gani na jasho kiasi gani. Huku upepo hauna miezi, una saa. Mchana watoka ziwani kuja nchi kavu, usiku wageuka. Na usiku ndipo penye hatari, kwa maana pepo za kila upande wa nchi kavu hukutana juu ya maji, hewa yapanda, mawingu yajenga, na kabla ya alfajiri radi zapiga huko huko waliko wavuvi. Wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwa hili, hutoka usiku wa giza na taa, kwa hiyo hukutana na dhoruba hizo ana kwa ana. Wengine hawarudi. Hakuna anayewauliza huko kuna nyuzijoto ngapi.

Ndiyo maana hapa mwaloni swali la hali ya hewa ni moja tu: itanyesha au haitanyesha? Wanawake wanaoanika mukene hutazama mbingu kuliko mwanajimu. Kukikauka siku nzima, mzigo huwa wa kuliwa na watu. Mvua ikiuwahi ukiwa mbichi, bei huanguka na mzigo huishia kwa wenye kutengeneza chakula cha kuku. Mimi mnunuzi nimejifunza kuangalia wingu kwanza, mizani baadaye.

Miwa nayo haijui majira. Hapo jirani Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alifungua kiwanda cha sukari mwaka 1930, shamba moja lakatwa huku la pili ndiyo kwanza lapandwa. Baridi ya kuizuia haipo.

Kazi hunipeleka Mbale pia, chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji wauita Masaba. Mji wenyewe hauna tofauti kubwa na Jinja, kwani kimo chakaribiana, lakini inua shingo: kilele kiko mita 4,321, na usiku huko juu maji huganda. Hiyo ndiyo baridi mliyoitarajia, ila inataka kupandwa kwa miguu, na mimi ni mtu wa Kibokoni. Wamasaba hawahesabu miaka kwa baridi. Wahesabu kwa Imbalu, jando lao la kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, 2022, 2024, 2026, na ngoma huanza rasmi Agosti.

Mmeniuliza mje mwezi gani. Kwa joto, mwezi wowote, hautawabagua. Kwa mvua, iacheni Aprili ipite. Sweta moja jepesi latosha, mwavuli ni lazima, na Shangazi asiache halua.