Sare ya wapendanao

Ikifika tarehe 14 Februari, mji mzima huvaa nyekundu utadhani umetangaziwa sare. Rangi hiyohiyo refa humfukuzia mchezaji, taa za barabarani husimamishia magari, na mwalimu huandikia sifuri. Wapenzi wakaitazama, wakasema: hii ndiyo yetu. Hatubishi.

Eti asili yake ni moyo kudunda na mashavu kuiva. Haya, mashavu meusi tii yaivie wapi? Na huyo Mtakatifu Valentino, wekundu wake kanisani ni wa shahidi aliyeuawa. Chokoleti zenu, jamani, zinaliwa matangani.

Bibi zetu wa pwani walishayamaliza na kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, bibi harusi kapendeza. Kisha Malkia Victoria akaolewa na gauni jeupe mwaka 1840, wengi wetu tukamfuata bila kualikwa. Nyekundu ikaachiwa Februari na wauza maua.

Namhurumia tu mume shabiki wa Yanga. Mkewe kamnunulia shati jekundu la mapenzi, rangi ya watani wao Simba! Akilivaa, kaisaliti timu. Akilikataa, ataulizwa analivalia nani la kijani.