Albert Aliyekula Nusu ya Mkopo

Jirani yangu, mzee mstaafu, alibisha hodi kabla hata majogoo hawajamaliza zamu. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Kijana, huyu Albert ni nani?"

"Albert yupi, mzee?"

"Aliyepewa nusu ya mkopo wangu!"

Akanikabidhi barua ya Kiingereza kutoka chama chake cha akiba na mikopo. Mjukuu wake wa kidato cha pili ndiye aliyemsomea jana yake: ombi limekubaliwa, Albert nusu. Bibi alishachinja kuku kwa neno "limekubaliwa". Mzee akalala njaa kwa ajili ya Albert.

Nikasoma. Palikuwa na "albeit", si mtu. Nikamweleza kuwa ni kiunganishi, hutamkwa "ol-bii-it", na kazi yake ni kukiri kasoro: ombi limekubaliwa, ingawa kwa nusu ya fedha. Waingereza wanalo tangu karne ya 14. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilijua likiwa bado maneno matatu, "al be it", yaani hata iwe hivyo. Karne ya 19 likachakaa, karne ya 20 likafufuka, na sasa linakula mshahara maofisini.

"Basi ni ingawa," akasema mzee.

Ni ingawa kweli, hata kwa mshono. Pasua "i-nga-wa": "i" ni hiyo, "nga" ni ya kukiri kasoro, "wa" ni ya kuwa. Mafundi wawili wasiojuana wameshona kanzu moja.

Tofauti iko kwenye adabu. Ingawa yetu hupenda kutangulia. Ukiisikia, unajikaza, maana lakini iko njiani. "Albeit" huvizia nyuma ya habari njema. Wala halihitaji sentensi nzima; mara nyingi hujibandika kwenye kivumishi au kifungu kifupi tu: nyumba nzuri, albeit ndogo; mgonjwa amepona, albeit polepole. Ukishamaliza kushangilia, ndipo linapokudai.

Mzee alitafakari, akavuta kiti, akaniagiza nichukue kalamu.

"Waandikie kwa Kiingereza chao. Nashukuru kwa mkopo. Naahidi kurejesha deni lote kwa wakati."

Nikaandika.

"Sasa weka yule Albert, halafu useme nusu."