Michango ya Harusi Yakamatwa

Jumamosi iliyopita, mbele ya kamati nzima ya harusi, kompyuta yangu ilitangaza kwamba michango ni tishio. Haikunong'ona. Nilikuwa nimeiunganisha na televisheni ya sebuleni ili wajumbe waone hesabu vizuri, kwa hiyo tangazo lilijaa kioo kizima, lina fremu nyekundu, na king'ora juu. Baba mdogo, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akavaa miwani na kuwatafsiria wajumbe kwa sauti ya darasani: "Inasema tishio limeondolewa. Jina la tishio: Michango Harusi, toleo la mwisho kabisa."

Mhazini ni mimi.

"Mhazini, tunasubiri hesabu," akasema mwenyekiti.

"Mwenyekiti, faili limekamatwa."

"Limekamatwa na nani? TAKUKURU?"

"Na antivirusi."

Sebule ikawa kimya. Mhazini wa harusi hata akikohoa watu huhesabu fedha upya, sembuse akisema hesabu zimekamatwa. Shangazi yake bwana harusi, aliyemaliza ahadi yake yote taslimu na kudai risiti kila awamu, aliweka glasi mezani akaniuliza kwa upole uliotisha: "Shemeji, hiyo antivirusi inaishi wapi?"

Nikaeleza kwamba fedha ziko salama benki na faili halijapotea, limewekwa tu karantini. Mjumbe wa vinywaji akataka kujua kama huko karantini watu wanakula na kunywa. Wa mapambo akasema yeye ameahidiwa malipo ya awali Jumatatu, na mwenye vitambaa hataki habari za karantini. Nikaona dawa ni kulitoa hadharani. Nikafungua orodha ya wafungwa, nikabofya "rejesha". Faili likatokea kwenye skrini, kila mjumbe akaliona kwa macho yake. Kabla sijalifungua, king'ora kikalia, likakamatwa tena. Baba mdogo akasoma tena, neno kwa neno. Nikarejesha, likakamatwa. Mwenyekiti akainua mkono: "Katibu, andika kwenye kumbukumbu kwamba hesabu zilionekana kwa muda mfupi."

Wakaondoka wakinipa pole ya aina ile anayopewa mtu ambaye kesi yake bado iko mahakamani.

Usiku huo sikulala. Nilikaa na ile mashine kutaka kujua faili la watu limekosa nini, na nakiri nilinogewa. Antivirusi ina akili mbili. Ya kwanza ni ya kukariri. Kirusi kikishapatikana popote duniani, wataalamu huchukua kipande cha maandishi yake ya ndani kinachokitambulisha, wakakiingiza kwenye orodha. Orodha hiyo ndiyo inayokuja kumaliza bando lako kila siku kwa jina la masasisho. Ukifungua faili, programu hulipekua ikitafuta kipande chochote kilichomo orodhani. Unaweza kuijaribu bila hatari yoyote. Taasisi ya Ulaya iitwayo EICAR ilitunga mstari wa herufi na alama 68 usiodhuru hata inzi, na watengenezaji wakakubaliana kwamba antivirusi ikiuona ipige kelele. Nikauandika kwenye Notepad, nikahifadhi. King'ora! Nikaurudia kwa raha zangu, saa nane za usiku, hadi mke wangu akauliza kutoka chumbani kama kamati imerudi.

Akili ya pili ni ya kushuku. Kirusi kipya hakimo orodhani, kwa hiyo programu hutazama mwenendo. Faili linataka kufanya nini? Linaandika wapi? Linaita nani? Wakati mwingine hulifungulia kwanza kwenye chumba cha pembeni, mbali na mali zako, ilichungulie likijiachia. Na michango yetu, kwa kweli, ilikuwa na mwenendo. Mpwa wangu anayesomea uhasibu alipachika ndani ya Excel makro, yaani amri zinazojiendesha ukibofya kitufe. Kitufe chake kiliandikwa JUMLISHA. Ukikibofya kinajumlisha ahadi, kinatoa zilizolipwa, kinawapaka wadaiwa rangi nyekundu, halafu kinamwandalia kila mdaiwa barua pepe ya kumkumbusha. Hiyo barua pepe ndiyo iliyotuponza. Machi 1999 kirusi kiitwacho Melissa kilisafiri ndani ya makro ya Word, kikijituma kwa watu 50 wa mwanzo katika kitabu cha anwani cha kila mtu kiliyemwingilia. Tangu hapo waraka wowote unaojiandikia barua pepe hutazamwa kwa jicho baya. Mpwa wangu alizaliwa miaka kadhaa baada ya Melissa, na kesi amerithi.

Kushuku huku huwapata hata wakubwa. Aprili 2010 sasisho la antivirusi ya McAfee lililiona faili la svchost.exe kuwa kirusi. Svchost si mgeni, ni kiungo cha Windows yenyewe, na kompyuta nyingi za Windows XP zikabaki kuzima na kuwaka, kuzima na kuwaka. Nilipolisoma hilo nilifarijika sana: kama Windows inaweza kukamatwa ndani ya Windows, michango ya harusi ni nani?

Virusi vyenyewe, tukisema haki, vilianza na adabu. Brain, cha mwaka 1986, kiliandikwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, na ndani yake waliweka majina yao, anwani ya biashara yao na namba za simu. Kikikuingia, unajua mlango wa kugonga. Mimi nimeumizwa na mlinzi, na mlinzi hana simu wala mlango. Jumatatu alinitumia barua pepe ya kujisifu: wiki hii tumekukinga dhidi ya tishio moja.

Nikaing'oa antivirusi ile. Nikaweka nyingine iliyosifiwa kwa faya-woli yake. Faya-woli ni askari wa getini: hapekui mzigo sana, anataka kujua nani anaingia, nani anatoka, na kwa mlango upi. Na milango ni mingi ajabu. Kompyuta yako ya mezani, hata kama kazi yake ni karata na kuandika barua za kuomba ruhusa shuleni, ina milango yenye namba hadi 65,535. Namba 443 ni ya tovuti salama. Namba 445 ni ya kugawana mafaili kwenye mtandao wa ndani, na ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017, hospitali za Uingereza zikarudi kwenye kalamu na karatasi. Kwa hiyo geti lenyewe ni jambo la maana. Tabu ni askari niliyempata, ambaye hakuwahi kuamua chochote. Kila dakika aliniletea dirisha: svchost.exe anataka kutoka, ruhusu au kataza? Nikakumbuka ya 2010, nikakataza. Intaneti ikakatika.

Printa ikafungiwa nje siku hiyohiyo.

Nikajaribu programu mbili kwa pamoja. Zikashikana mashati, kila moja ikitaka kuikamata karantini ya mwenzake.

Flashi iliyotoka steshenari ikaingia na virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato, na hakuna aliyelia.

Kicheko kinanikauka nikifika kwenye bei. Ile ya bure hukuwekea pembetatu nyekundu kwenye kona ya skrini mpaka ulipe, hata kama hakuna kilichotokea. Ya kulipia huanza na punguzo la mwaka wa kwanza, kwa dola, halafu mwaka wa pili inajikatia yenyewe kwenye kadi, bei ikiwa imepanda bila hodi. Na bure nayo ina gharama yake. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani iliiamuru kampuni ya antivirusi ya Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza kumbukumbu za tovuti wanazotembelea wateja, baada ya kuwaahidi kuwakinga wasifuatiliwe. Mtu ameweka mlinzi, mlinzi anauza habari za nyumba.

Sasa kinachouma zaidi ni kwamba vitu hivi vyote vimo tayari ndani ya Windows. Faya-woli yake huwaka yenyewe tangu Windows XP ilipopata sasisho lake kubwa la pili, mwaka 2004. Antivirusi huja nayo tangu Windows 8, mwaka 2012. Haidai kadi wala dola. Kwa nini basi hatuitumii? Nenda na kompyuta ya mtumba kwa fundi yeyote mjini ukamwangalie mikono. Leseni halali inakaribia bei ya mashine yenyewe, kwa hiyo anakuwekea nakala ya kienyeji, na nakala hiyo huwashwa kwa kijiprogramu ambacho ulinzi wa Windows hukikamata papo hapo. Hivyo jambo la kwanza kabisa, kabla hata hajakuuliza jina, fundi anazima ulinzi. Unarudi nyumbani na nyumba isiyo na mlango, kisha unauziwa kufuli kwa dola. Simlaumu fundi, naye anatafuta ugali. Nawalaumu waliopanga bei za dunia nzima wakitazama mshahara wa nchi moja.

Na maonyo ya antivirusi zote hizo yalikuja kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kwenye orodha ya lugha nilikuta Kifini, nikakuta Kiestonia. Kiswahili, lugha ya kamati nzima iliyokuwa sebuleni pangu, hakimo. Nisingekuwa na mwalimu mstaafu ndani ya ukoo, nisingejua hata nimeshtakiwa nini.

Nimenunua leseni, nimewasha ulinzi wa Windows, basi. Atakayenishauri ninunue mwingine simkatai, ila anijibu kwanza: mlinzi wake akikamata kitu changu kisicho na kosa, nimpigie nani, na huyo mtu atanisikiliza kwa lugha gani?